Darubini Inayoning'inia Chini ya Puto

Na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Chama cha Sayansi

Mtu akitaja puto, wengi wetu hufikiri kile kipira cha rangi wanachopuliza watoto siku ya sikukuu, ambacho hupasuka kabla ya jioni. Liko puto la namna nyingine. Likijaa upana wake hupita mita 100, nalo huchukua darubini ya kutazamia nyota mpaka mahali ambapo ndege za abiria hazifiki hata robo tatu ya njia. Katika makala haya nataka kueleza jinsi darubini ya namna hiyo inavyotayarishwa, na shida wanazozipata watu wanaoitayarisha. Nimechagua darubini moja iitwayo SuperBIT, iliyorushwa mwaka 2023. Waliishughulikia watu wa Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, wa Princeton nchini Marekani, wa Durham nchini Uingereza, pamoja na NASA, shirika la Marekani la mambo ya anga. Hesabu nitakazozitumia ni zile tulizofundishwa darasani, kwa hiyo msomaji asiogope.

Kwa nini ipandishwe juu?

Ukitazama nyota usiku utaona zinametameta. Nyota yenyewe haitikisiki. Kinachotikisika ni hewa iliyo kati yake na jicho lako. Hewa ya joto hupanda, ya baridi hushuka, na nuru ikipita humo hupindapinda kidogo, kama vile jiwe lililo chini ya mto huonekana likichezacheza kwa sababu ya maji. Darubini hukuza kila kitu, na huo mtikisiko nao huukuza. Tena hewa huzuia baadhi ya nuru isifike chini kabisa, hasa ile iliyo ng'ambo ya rangi ya zambarau.

Watu walitambua zamani kwamba dawa yake ni kupanda juu. Mwaka 1912 Victor Hess wa Austria alipanda katika puto hadi mita 5,300 hivi pamoja na vyombo vyake, akagundua mionzi itokayo angani. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1936. Mwaka 1957 Martin Schwarzschild na wenzake waliipandisha darubini iitwayo Stratoscope ili kupiga picha za jua, bila mtu ndani yake. Njia nyingine ni roketi. Wasomaji wa pwani watafurahi kujua kwamba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kutafuta eksirei za angani tu ilirushwa karibu na Malindi, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini, tarehe 12 Desemba 1970. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ile ilipewa jina la Uhuru.

Roketi ni nzuri, lakini ni ya gharama kubwa, na chombo kikishapelekwa mbinguni ni vigumu kukirudisha ili kukitengeneza. SuperBIT iligharimu kama dola milioni 5, nayo setilaiti ya kazi kama hiyo ingegharimu mara mia kadhaa au hata elfu. Zaidi ya hayo, darubini ya puto hurudi chini. SuperBIT ilijaribiwa mwaka 2015, 2016, 2018 na 2019, mara mbili Timmins katika Kanada na mara mbili Palestine katika jimbo la Texas, na kila mara mafundi waliweza kusahihisha kilichokuwa na kasoro kabla ya safari ndefu.

Puto lenyewe

Puto hupanda kwa kanuni ya Archimedes: kitu kilichomo ndani ya hewa husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa hewa kilichoiondoa mahali pake. Mita moja ya ujazo ya hewa, hapa chini, ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Mita moja ya ujazo ya heliamu ina kilo 0.17 hivi. Toa ya pili katika ya kwanza, utaona kwamba kila mita ya ujazo ya heliamu huinua takribani kilo moja. Basi tuseme puto, kamba, na mzigo wote pamoja ni kilo 3,000. Utahitaji mita za ujazo 3,000 za heliamu ili vitu vyote visimame hewani bila kupanda wala kushuka, na sehemu kama moja ya kumi zaidi ili vipande.

Hapa mwanafunzi mwangalifu atauliza: kama mita 3,300 zatosha, kwa nini puto la SuperBIT lilikuwa na nafasi ya mita za ujazo 532,000? Jibu ni kwamba huko juu hewa ni chache. Puto hili huelea kilometa 33 hivi juu ya bahari, na kati ya hewa yote ya dunia, iliyobaki juu yake haifiki sehemu moja katika mia. Hewa ya nje ikipungua msukumo, heliamu ya ndani hutanuka mara mia na zaidi. Kwa hiyo puto linapoondoka uwanjani ni kiputo kidogo kileleni, na chini yake mkia mrefu wa plastiki iliyokunjamana. Linajaa lote likiisha kufika juu.

Kuna maputo ya namna mbili. Namna ya kwanza yana tundu chini, na gesi ikizidi hutoka. Mchana jua hulipasha puto joto, gesi hutanuka, nyingine hutoka; usiku gesi iliyobaki hupoa na kusinyaa, puto hushuka, na ili lisishuke mno lazima litupe mchanga au vipande vidogo vya chuma. Siku chache tu, mchanga umekwisha na safari imekwisha. Ndiyo sababu maputo ya namna hiyo hupendwa kule ncha ya kusini ya dunia wakati wa kiangazi, maana jua halitui. Lakini darubini inayotazama nuru ya kawaida, kama jicho linavyotazama, inataka usiku! Kwa hiyo ikabidi itumike namna ya pili. Hili limefungwa kabisa, lina umbo la boga, na kamba imara zimepita katika kila bonde la boga hilo kutoka juu hadi chini. Gesi iliyomo hulisukuma puto kutoka ndani mchana na usiku, nalo halibadiliki ukubwa. Kwa hiyo haliondoki sana katika kimo chake. Plastiki yake ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Tundu dogo likitokea, kazi ya miaka imeharibika.

Kutuliza kitu kinachobembea

Sasa fikiri shida hii. Darubini inataka kutulia kama mlima, na sisi tumeitundika kwenye kamba ndefu chini ya kitu kinachochukuliwa na upepo na kuzunguka polepole. Itatulia namna gani?

Katika Chama chetu cha Sayansi tulifunga ndoo ya mchanga kwenye kamba ya katani, tukaitundika katika tawi la mwembe lililo nyuma ya karakana, tukahesabu mabembeo yake kwa saa. Kamba ya mita moja ilichukua sekunde 2 kwenda na kurudi. Kamba ya mita 4 ilichukua sekunde 4. Yaani ukizidisha urefu mara nne, muda huzidi mara mbili tu. Uzito wa mchanga haukubadili kitu. Tuliujaribu na ndoo nusu na ndoo tele. Kwa kanuni hiyo kamba ya mita 100 itachukua sekunde 20. Hilo ni jambo la heri kwa mafundi: bembea ya taratibu ni rahisi kuirekebisha kuliko mtikisiko wa haraka.

Darubini ya SuperBIT, ambayo kioo chake kina upana wa nusu mita, imewekwa ndani ya fremu tatu, moja ndani ya nyingine. Ya nje hugeuka kushoto na kulia, ya kati hulala upande huu na upande huu, ya ndani huinama na kuinuka. Ili kugeuza fremu ya nje hakuna ukuta wa kushikilia. Basi hutumia gurudumu zito. Mashine ikilizungusha gurudumu kwenda kulia, chombo kizima hugeuka kushoto, kama inavyosema kanuni ya tatu ya Newton. Vyombo viitwavyo jairoskopu huhisi kila mgeuko, na kamera ndogo hutazama nyota zinazojulikana na kuiambia kompyuta: tumepotoka kiasi hiki. Mwisho kabisa, ndani ya darubini mna kioo kidogo kinachochezacheza kwa haraka sana ili kufuta mtikisiko uliobaki.

Matokeo yake ni ya kushangaza. Gawanya nyuzi moja ya pembe kwa 3,600, upate sekunde moja ya pembe. Kisha igawanye hiyo kwa 20. Picha ya SuperBIT huweza kutulia ndani ya kipimo hicho. Ni sawa na kulenga shabaha iliyo mbali kilometa 100, na mkono usipotoke zaidi ya sentimita 2 na nusu.

Kazi kabla ya kurusha

Kazi ya kurusha huanza miezi mingi kabla ya kurusha. Kwanza ni mizani. Kila kitu hupimwa, hata nyaya na misumari ya skrubu, kwa sababu kila kilo iliyozidi hudai mita nyingine ya ujazo ya gesi. Tena uzito lazima ulingane pande zote. Chombo kikiinama upande mmoja, fremu zitachoka kwa kukisahihisha.

Pili ni joto na baridi. Njiani chombo hupita katika hewa ya baridi kali, nyuzi 50 na zaidi chini ya sifuri. Lakini kikifika juu hatari hugeuka. Hapa chini kompyuta ikipata joto, hewa huipoza. Huko juu hewa haitoshi kuchukua joto, kwa hiyo kompyuta huweza kuungua mahali penye baridi! Mafundi hupaka rangi nyeupe, hufunika kwa karatasi ing'aayo, na kutengeneza njia za chuma ili joto litoke kwa kumulika nje kama linavyotoka kwenye kaa la moto. Vyombo hujaribiwa ndani ya tangi lililotolewa hewa kabla ya kuaminiwa.

Tatu ni mazoezi ya kuning'inia. Darubini hutundikwa kwenye winchi, betri zake zikiwa zimejaa na waya wa umeme umetolewa, nayo huamriwa kwa redio kana kwamba iko tayari angani. Hapa ndipo watu wa mataifa mbalimbali hujuana. Mmoja ameandika programu, mwingine ametengeneza kamera, wa tatu ndiye mwenye puto na mwavuli. Kama kifaa cha huyu kinatumia umeme uliogawiwa cha yule, hapa ndipo itajulikana. Hakuna awezaye kusema "sehemu yangu ni nzima" mpaka kitu kizima kiwe kizima.

Nne ni kungoja. Wakati wa kurusha, upepo wa chini lazima uwe mtulivu, maana kiputo kinachosimama ni kama tanga la jahazi. Upepo wa juu nao lazima uwe umeanza kuvuma vizuri. Katika stratosfia, yaani tabaka lile la hewa, upepo hubadili njia kwa majira. Upande wa kusini wa dunia, kuanzia miezi ya Aprili na Mei, huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki na kulizungusha puto duniani pote. Kwa hiyo hata chombo kikiwa tayari kabisa, watu huamka usiku, hutazama vipimo vya hewa, na pengine hurudi kulala.

Siku ikiwa njema, puto hutandazwa juu ya turubai ndefu. Sehemu ya juu hupitishwa chini ya gurugudu kubwa linaloishikilia, na gesi hutiwa kwa mipira miwili. Gesi ikishatiwa, puto halirudishwi sandukuni. Ama liruke, ama limepotea. Gurugudu likifunguliwa, kiputo huinuka na kuvuta mkia wake. Upande wa pili darubini imeshikwa na gari kubwa, na dereva huliendesha mpaka liwe chini ya puto kabisa, ndipo pini hutolewa. Baada ya hapo puto hupanda kwa mwendo wa mita 300 hivi kila dakika. Fanya hesabu mwenyewe: litafika juu kwa muda wa saa mbili hivi.

Yaliyotokea mwaka 2023

SuperBIT iliondoka Wanaka, New Zealand, tarehe 16 Aprili 2023. Ilikaa angani karibu siku 40, ikaizunguka dunia mara tano na zaidi kati ya latitudo 40 na 50 za kusini, ambako chini yake ni bahari karibu tupu. Ikiwa bado inaelea, picha zake za kwanza zilitolewa kwa watu wote: moja ya wingu la gesi liitwalo Tarantula, ambalo nuru yake hutumia miaka zaidi ya 160,000 kutufikia, na nyingine ya galaksi mbili zinazogongana.

Kazi yake hasa ilikuwa kutafuta maada ya giza, kitu kisichotoa nuru lakini chenye uzito. Albert Einstein alifundisha kwamba uzito hupinda nuru, na mwaka 1919 jambo hilo lilipimwa wakati wa kupatwa kwa jua, katika kisiwa cha Príncipe karibu na Afrika ya Magharibi na katika mji wa Sobral nchini Brazil. Ukipima jinsi galaksi za nyuma zilivyopindwa umbo na kundi la galaksi lililo mbele yake, waweza kujua uzito uliojificha humo, kama unavyojua kuwa kuna mtu nyuma ya pazia kwa jinsi pazia lilivyotokeza.

Sasa naja katika jambo lililonifanya niandike. Picha nyingi zilikuwa ndani ya darubini, na njia za kuzituma kwa setilaiti zilikatika safari ikiendelea. Kama darubini ingeanguka baharini, usiku wote ule ungekuwa bure. Nayo hofu hiyo haikuwa ya kubuni: mwezi wa Mei mwaka ule ule, kutoka uwanja ule ule, puto jingine la NASA lilivuja, na safari yake ikaisha katika Bahari ya Pasifiki kabla ya siku mbili kutimia.

Lakini watu wa SuperBIT walikuwa wamefikiri mapema. Kabla ya kuondoka walifunga makasha madogo manne, kila moja lina nafasi ya kuhifadhi picha, chombo cha kujua mahali lilipo, redio ndogo na mwavuli. Picha zilinakiliwa humo. Puto lilipopita juu ya Argentina, makasha mawili yaliangushwa. Yalishuka kilometa 32, na upepo ukayapeleka kando kilometa 61; hata hivyo mahali yalipotua palikuwa ndani ya kilometa 2.4 tu kutoka pale palipokuwa pamehesabiwa. Yenyewe yakatuma habari ya mahali yalipo, wakaenda watu wakayaokota. Tarehe 25 Mei darubini ilishushwa katika nchi ile ile, nayo ikavunjika ilipotua. Chombo kilichotengenezwa kwa miaka kikawa mabati. Lakini hakuna hata picha moja iliyopotea.

Je, ni fedha za bure?

Mwaka huu tulikuwa na mdahalo: "Fedha za kutazamia nyota ni fedha zilizopotea." Nilisema upande wa kupinga, na upande wetu ulishindwa kwa kura. Wenzetu walisema kwamba dola milioni 5 zingechimba visima vingi, na kwamba mtu mwenye kiu haulizi habari za galaksi. Sioni aibu kukiri kwamba neno hilo ni zito. Mimi mwenyewe nimechota maji mbali.

Hata hivyo nasema hivi. Yule atakayechimba kisima na kukifanya kidumu lazima ajue kupima, kulinganisha uzito, kutabiri upepo au maji, na kufikiri siku ya kuvunjika kabla haijafika. Elimu hiyo haina mlango wa nyota na mlango wa visima. Ni nyumba moja. Tena puto limeifanya kazi hii iwe ya bei ambayo vyuo vichache vikishirikiana vinaweza kuimudu. Waliotengeneza makasha yale wengi wao walikuwa watu wa vyuo, si matajiri wa dunia. Sioni sababu ya kusema kwamba jina la shule kama yetu halitatokea kamwe katika orodha ya namna hiyo. Lakini halitatokea kwa kusubiri. Litatokea kama hesabu za ndoo na kamba tunazifanya kwa mikono yetu, wala hatuzikariri kwa ajili ya mtihani tu.

Na kwa wale wadogo wa kidato cha kwanza, somo la karibu zaidi ni hili: kazi yako ikiwa ya thamani, iwe na nakila ya pili mahali pengine.

Maswali ya kujaribu

1. Kamba ya mita moja huchukua sekunde 2 kubembea. Kamba ya mita 64 itachukua sekunde ngapi?

2. Kama kasha lingeshuka kwa mstari ulionyoka, kilometa 32 chini na kilometa 61 kando, lingesafiri kilometa ngapi? Tumia kanuni ya Pythagoras.

3. Mzingo wa dunia penye latitudo 45 ni kilometa 28,000 hivi. Puto likiuzunguka mara tano kwa siku 40, mwendo wake ni kilometa ngapi kwa saa? Linganisha jibu lako na mwendo wa basi la kwenda mjini.